Ekrani yetu: tuitengeneze ao tuiuzishe?

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto

Tunajua leo ni siku ya kazi, na kuna mama aliyeacha mihogo yake kwa jirani ili afike hapa. Hatutawakalisha mpaka jua lizame.

Sisi tunaosema hapa ni timu ya maanimatere wa mradi. Komite imetuomba tueleze habari ya ekrani, ile kioo ya ordinatere iliyo kwenye biro yetu, kwa sababu imeleta maneno mingi kuliko vile tulivyofikiri. Mtu anaweza kucheka: mkutano mkuu mzima juu ya ekrani moja? Ndiyo. Franga zake si nyingi, lakini maneno yaliyoizunguka ni mazito, na yanatugusa hata sisi wenyewe. Kwa hiyo tutasema yote, na ile yenye kutupa haya pia.

Namna ilivyoharibika

Mnajua biro yetu ina ekrani mbili. Ya kwanza ni ile kubwa, ilikuja pamoja na ordinatere, wafadhili ndio walioinunua. Ya pili ni ndogo na ya zamani, tulipewa na biro moja ya mjini waliponunua vyombo vipya. Ile ndogo haikufanya kazi hata siku moja: ilipasuka kioo wakati wa kuvuka mto, mtu alikalia mfuko kwenye mtumbwi. Tangu siku ile imekaa nyuma ya mlango, na mtoto wa mlinzi anaitumia kama kiti.

Ile kubwa ndiyo iliyofanya kazi. Siku ilipoharibika, umeme haukuwepo, tukawasha grupu. Kijana jirani anayetengeneza milango ya chuma akaja kuomba: «Munisaidie kidogo, niko na kazi ya kumaliza leo, niunganishe mashini yangu kwenye grupu yenu.» Ni mtu mzuri, alitubebea mabati siku tulipojenga paa. Tukakubali. Komite haikuwepo. Sisi timu ndio tuliokubali, na tunataka mlijue.

Sasa sikilizeni ilivyo. Mashini ya kulehemu inavuta umeme kwa kishindo. Ikigusa chuma, umeme wa grupu unaanguka. Ikiachia, unapanda juu. Unaanguka, unapanda, saa nzima. Na ordinatere yetu ilikuwa kwenye grupu ileile bila regulatere, yaani kile kisanduku cha kutuliza nguvu ya umeme. Saa kumi jioni ekrani ikaonyesha picha kwa sekunde mbili, halafu giza. Taa ndogo ya chini iliendelea kuwaka, lakini picha hakuna. Tukazima, tukawasha tena: picha sekunde mbili, giza. Kesho yake, hata zile sekunde mbili hazikuwepo.

Hatuwezi kusema ni shetani ao ni bahati mbaya. Grupu ndogo, mashini ya kulehemu na ordinatere havikai pamoja. Tulipaswa kujua.

Yaliyofuata

Kama ingekuwa ni kitu cha kuandikia barua tu, tungengoja. Lakini ndani ya ile ordinatere ndimo liko rejista ya mchango wa kila mmoja wenu. Nani alilipa, mwezi gani, ngapi. Mlikubali wenyewe kuiweka pale, kwa sababu wengi wenu mlipokimbia mapigano ya jamaa zetu mbili, Wambole na Walengola, tangu Februari 2023, karatasi zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba zilichomwa. Mtu alirudi hana kitambulisho, hana kadi ya ubatizo ya mtoto, hana barua ya shamba. Mlisema: tuweke majina yetu mahali ambapo moto hautafika kwa urahisi.

Siku sita baada ya ekrani kuharibika, mama mmoja kati yetu alifiwa na bwana yake. Ametupa ruhusa tuseme habari hii, bila jina. Alikuja biro kuomba msaada wa maziko, haki yake ya kesi nyekundu. Karnet yake ililowa maji kwenye mvua, ukurasa wote ulikuwa wino tu. Keshia akasema: «Mama, nakuamini, lakini sheria yetu inaomba nione kama mumefikisha miezi sita ya mchango. Na rejista iko mule ndani, siwezi kuiona.» Keshia hakukosa. Ni ninyi mliomfunga kwa sheria hiyo, na mlifanya vizuri. Lakini yule mama alirudi bila kitu. Alikopa kwa mtu wa soko ili anunue mbao za sanduku, na deni la soko linazaa. Msaada wake aliupata baada ya wiki tatu, na sehemu yake ikaenda kulipa faida ya deni.

Wakati huohuo maneno yakaanza kutembea. Upande mmoja walisema: «Ekrani haijafa, wameifunga makusudi juu tusione hesabu.» Upande mwingine: «Keshia ni wa jamaa gani? Njo maana.» Tumefanya kazi miaka na ninyi, tunajua neno la namna hiyo linaanzia wapi na linaweza kufika wapi. Chama hiki kina watu wa jamaa zote mbili wanaokula kwenye sahani moja ya mchango. Wiki tatu za giza kwenye kioo zilitosha ili watu waanze tena kuulizana ukoo.

Dirisha na nyumba

Kitu cha kwanza tulichofanya, na tungepaswa kukifanya siku ya kwanza, ni kuonyesha kwamba rejista ipo. Watu wengi walifikiri ekrani ikifa, majina yamekufa nayo. Hapana. Ekrani ni dirisha. Nyumba ni kile kisanduku cha chini, yunite santrale, na ndani yake kuna diski yenye kubeba maandishi. Dirisha likivunjika, vitu vya nyumba viko palepale.

Tuliomba parokia itukopeshe televisheni yao mchana mmoja. Televisheni nyingi za sasa zina tundu lilelile la kamba ya ordinatere. Tuliunganisha mbele ya mashahidi wanne, wawili wa kila upande, bila sisi kuwachagua. Rejista ikatokea, jina moja moja. Tuliichapisha yote siku ileile, na ndiyo siku yule mama alipata haki yake. Zile karatasi ziko kwenye meza hapa mbele. Kila mtu apite atafute jina lake kabla ya kwenda nyumbani.

Mnaweza kutuuliza: kwa nini hamkuomba televisheni siku ya kwanza? Jibu ni kwamba tulikuwa tunabishana juu ya ekrani: tuitengeneze, tuiuzishe, tununue nyingine. Tulishika swali la chombo, tukaacha swali la mtu aliyekuwa anangoja mlangoni.

Mafundi wawili

Sasa tuje kwenye ekrani yenyewe. Tuliivusha mpaka Makiso. Fundi wa kwanza hakuifungua hata. Aliiwasha, akaona giza, akasema: «Hii ishakufa. Niachieni, nitawapatia dola tano.» Tulikuwa tumechoka, na tano kwenye mkono ni tano. Kidogo tu tungemwachia. Mzee mmoja wa komite aliyekuwa pamoja nasi ndiye aliyeuliza: «Kama imekufa, wewe unaitaka ya nini?» Tukaichukua, tukaondoka.

Fundi wa pili alifunga madirisha ya duka, akawasha ekrani, akamulika kioo kwa tochi karibu sana, kwa upande. Akatuita tutazame. Kwenye ule mwanga tuliona picha yetu, hafifu kabisa, kama maandishi chini ya maji. Akatueleza: kioo kinachochora picha ni kizima, kilichokosa ni mwanga wa nyuma yake. Kwenye ekrani za bapa, kioo chenyewe hakiwaki. Kuna taa nyuma, na kuna kibao cha umeme kinacholisha zile taa. Ukiona picha kwa tochi, ujue matumaini yapo. Kama kioo kimepasuka, kama kina doa jeusi linalopanuka kama wino, ao mistari inayokata toka juu mpaka chini, mara nyingi hapo hakuna cha kutengeneza: kioo peke yake kinakaribia bei ya ekrani nzima.

Akafungua. Kwenye kibao cha umeme akatuonyesha vikopo vidogo, anaviita kondensatere. Kazi yake ni kama mtungi: inapokea umeme unaoruka-ruka, inautoa ukiwa umetulia. Kichwa cha kondensatere nzima ni bapa. Nne kati ya zetu zilikuwa zimevimba kama mkebe wa nyanya ulioharibika, moja imetoa majimaji. «Njo ugonjwa,» akasema. Zile nne kubadilisha ni kazi ya saa moja. Inaombwa tu ziwe na kipimo kilekile, volti ileile ao zaidi, kamwe si chini, na ziwe za kuvumilia joto la digrii 105, kwa sababu ndani ya ekrani ni jiko.

Hapa tunawaomba wazazi wasikilize vizuri. Vijana wetu ni werevu, wanatengeneza simu chini ya mwembe, na wengine walitaka kuifungua wenyewe. Ndani ya kile kibao kuna kondensatere moja kubwa inayobeba umeme wa ukutani. Umeme wa volti 220 ukigeuzwa mule ndani unapita volti 300, na unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa kamba. Mtu anaweza kutupwa ao kufa kwa ekrani isiyounganishwa popote. Zile ekrani za zamani zenye mgongo kama televisheni ya babu ni hatari zaidi, zinashika volti maelfu. Kujifunza ni vizuri, lakini ni kwa fundi anayejua kumwaga ule umeme kwanza. Yule fundi wa pili amekubali kupokea vijana wawili wetu, mvulana na msichana, siku za Jumamosi.

Hesabu

Tuwape bei tulizopewa sisi, kwa ekrani hii, mwezi huu. Mtu mwingine mahali pengine atapata nyingine.

Kutengeneza: kondensatere nne, dola 3. Mkono wa fundi, dola 12. Kuvuka mto kwenda na kurudi, mara mbili, dola 3. Jumla dola 18. Fundi amekubali tusilipe mkono wake mpaka ekrani iwake saa nne mfululizo mbele yetu, na ikirudi kuzimika ndani ya mwezi mmoja atashughulika bila franga nyingine. Ameandika kwenye risiti.

Kuuzisha: ekrani hii kama ilivyo, mbovu, yule fundi wa pili anaweza kutoa dola 10. Kisha tununue nyingine iliyotumika, inayowaka, ya ukubwa huu: dola 60 mjini, na dola 3 za mtumbwi. Ukitoa zile 10, inabaki dola 53. Msishangae bei. Vitu hivi havitokei hapa. Vinapanda mto toka Kinshasa, karibu kilometa 1700, ao vinakuja kwa ndege, ao vinapita barabara ya Ituri wakati barabara inapitika. Kila mtu aliyekibeba njiani ameongeza chake. Na hiyo ya dola 60 ni yenye kutumika pia: hatujui kondensatere zake zina umri gani, na muuzaji hatoi garanti.

Halafu kuna regulatere, dola 25. Hiyo iko kwenye hesabu zote mbili. Tukitengeneza bila regulatere, tutarudi kwa fundi. Tukinunua nyingine bila regulatere, tutaiua na ile. Kwa hiyo: kutengeneza ni 18 na 25, jumla dola 43. Kuuzisha na kununua ni 53 na 25, jumla dola 78. Tofauti ni dola 35.

Mtatuuliza: mnatumia kanuni gani siku nyingine kitu kikiharibika? Yetu ni hii, na ni ya watu wa kawaida. Ya kwanza, ugonjwa ujulikane, fundi aonyeshe kwa kidole. Ya pili, kutengeneza kusipite nusu ya bei ya kingine kinachofanya kazi. Ya tatu, kile kilichoua chombo kiondolewe kwanza. Moja ikikosekana, ni afadhali kuuzisha, hata kwa bei ndogo, kuliko kulisha kitu kinachokufa. Hapa zote tatu zipo, kama mkikubali regulatere.

Franga zitoke kwenye kesi gani?

Hapa ndipo mabishano yalikuwa makali. Wote mnajua masanduku yetu matatu ya MUSO. Kesi ya kijani ni akiba na mikopo yenu. Kesi ya bluu ni franga zinazotoka nje, zinaongeza nguvu ya mikopo. Kesi nyekundu ni ya mashida: ugonjwa, maziko, nyumba kuungua. Watu wengine walisema: «Ekrani kuharibika ni mashida, tutoe kwenye nyekundu.»

Sisi tunawaomba msifanye hivyo, na si kwa sababu ya dola 43 tu. Mchango wa kesi nyekundu mtu anauleta akijua kwamba hautarudi kwake, unamngojea yeyote atakayeangukiwa. Mtu akiona umelipa regulatere, mwezi ujao atauliza: na kiti cha prezida? na krediti ya simu ya sekretere? Yule mama aliyefiwa alirudi mikono mitupu siku ya kwanza wakati kesi ilikuwa na franga ndani. Fikirieni angerudi siku ambayo hamna kitu kwa sababu tulinunua kisanduku cha umeme.

Kuna njia nyingine. Biro inachapishia majirani karatasi kwa malipo madogo, na kuna faini za wachelewaji. Mfuko huo mdogo wa kazi una dola 29 leo, komite imehesabu mbele ya wakaguzi. Ekrani ile ndogo iliyopasuka, yule fundi atainunua dola 8 kwa ajili ya vipande: kibao chake ni kizima. 29 na 8 ni 37. Kutoka 43, zinakosa dola 6. Hizo 6 sisi timu tutazitoa mfukoni mwetu.

Tuseme ukweli: kwanza tulitaka kulipa yote, kwa sababu tuliruhusu ile mashini. Mzee mmoja wa komite alikataa. Akasema: «Mukilipa yote, ekrani itakuwa yenu. Siku mutaenda, mutatuachia nini?» Hatukuwa na jibu. Kwa hiyo tunalipa sehemu, na lawama tunaibeba nzima.

Visivyouzishwa

Kuna mambo mawili ya kuweka wazi kwa wale wanaopenda kuuzisha. Hatuwazuii, kura ni yenu. Lakini mjue.

La kwanza, ekrani kubwa iko kwenye orodha ya vitu vya mradi. Tulisaini siku ya kuipokea: mpaka mradi uishe, haiuzishwi bila barua ya wafadhili. Ile ndogo ni tofauti, tuna karatasi ya zawadi yenye kuonyesha kwamba ni mali ya chama. Kwa hiyo ile mnaweza kuamua leo.

La pili ni zito zaidi. Kuna aliyesema: tuuzishe yote, ekrani na yunite santrale, tupate franga nzuri, turudi kwenye daftari. Ekrani haina kumbukumbu. Ukiiuzisha umeuzisha kioo. Yunite santrale ina diski, na kwenye diski kuna majina yenu, mitaa mliyokimbilia, vijiji mlivyotoka njia ya Ubundu na njia ya Opala, nani ni mjane, nani ana watoto wangapi, nani ni wa jamaa gani. Kufuta kwa kubonyeza tu hakutoshi, mtu mwenye ujuzi anarudisha. Katika nchi yetu, na hapa kwetu Lubunga, orodha ya namna hiyo kwenye mikono mibaya inaweza kumaliza maisha ya mtu. Kanuni ya numeriki ya nchi yetu, ordonansi-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu binafsi. Hata bila ile sheria, akili ya kawaida inasema: diski haitoki. Siku ordinatere itakapochakaa, diski itatolewa na kuvunjwa mbele ya mashahidi.

Na ile ndogo, msiache watoto waipasue zaidi, wala msiichome na takataka. Ekrani nyingi za bapa za zamani zina taa nyembamba zenye zebaki ndani, ile merkire wachimba dhahabu wa Bafwasende wanaijua. Ni kidogo, lakini moshi wake na vumbi lake vinaingia kwenye kifua cha mtoto. Kwa fundi, angalau sehemu kubwa itarudi kazini. Dunia nzima inashindwa hapo: ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za vyombo vya umeme vilivyotupwa mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyokusanywa na kushughulikiwa vizuri. Zetu mbili si kitu kwenye mlima ule. Lakini ua ni wetu na watoto ni wetu.

Daftari haliombi umeme

Tuseme neno moja kwa wazee wanaopenda daftari. Mlitushinda. Mlisema tangu mwanzo: «Daftari haliombi umeme.» Tulicheka kidogo, tuliosoma shule kubwa. Kama kungekuwa na nakala moja ya karatasi, yule mama angelipwa siku ileile, bila fundi, bila televisheni, bila deni la soko. Maneno ya jamaa fulani na jamaa fulani yasingepata mahali pa kukaa.

Hata hivyo daftari linaungua, mnajua kuliko sisi. Kwa hiyo tusichague moja. Kila mwisho wa mwezi rejista itachapishwa mara tatu: nakala moja kwa prezida, moja kwa keshia, moja kwa wakaguzi, na wakaguzi watakuwa wa jamaa zote mbili. Kila mwanachama atakuwa na haki ya kuona jina lake bila kuomba ruhusa. Na sheria ya keshia iongezewe mstari mmoja: rejista isipoonekana, mashahidi watatu wanachama wanatosha kwa msaada wa maziko, karatasi itafuata.

Kwa wafadhili tunaomba kitu kimoja, kwa heshima. Mlitupa ordinatere nzuri, aksanti sana. Kwenye bajeti ile kulikuwa na ordinatere, ekrani, printa, meza. Hapakuwa na regulatere wala dola moja ya kutengeneza. Sisi tulisaini bila kuuliza, basi kosa hilo tunaligawa. Safari ijayo, mkinunua chombo cha mji wenye umeme unaokuja na kwenda, nunueni na cha kukilinda, na muweke kidogo cha fundi. Dola 25 mwanzoni zingetuokoa na wiki tatu.

Sasa prezida atauliza mikono, mara tatu. Kwanza: ekrani kubwa itengenezwe, ao tuandikie wafadhili tuombe kuiuzisha. Pili: ile ndogo iuzishwe kwa dola 8. Tatu: nakala tatu za karatasi kila mwezi, na ule mstari wa mashahidi. Kama mtakataa ya kwanza na kukubali ya tatu, sisi tutalala vizuri. Kama mtakubali ya kwanza na kukataa ya tatu, tutakuwa tumetengeneza kioo tu.

Kijana wa milango ya chuma yuko pale nyuma, msimtazame vibaya. Amesema ekrani ikivuka kurudi, yeye ndiye atakayeibeba toka bandarini mpaka biro, na hakuna mtu atakayeikalia.

Mpite kwenye meza mtafute majina yenu.